TAHADHARI: Wauza mashine za kuchuja maji wanaozungukia vikoba Mbeya

Wana Mbeya, kuna vijana wawili wenye makoti meupe kama ya maabara wanapita kwenye vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa) huku Ilomba na Mwanjelwa wakiuza mashine za kuchuja maji. Kianzio laki mbili, iliyobaki unalipa kidogo kidogo. Walipofika kwenye kikoba cha mama mkwe wangu nilikuwepo, mchezo wote nimeuona.

Wanaanza na salamu za "ugonile" za kutosha, kisha wanaomba glasi ya maji ya bomba. Pembeni wanaweka glasi ya maji ya mashine yao. Wanatumbukiza kidude chenye vyuma kwenye glasi zote mbili na kukichomeka kwenye umeme. Muda si muda maji ya bomba yanakuwa rangi ya kutu, juu povu, chini tope. Ya kwao meupe pee. "Haya ndiyo mnayowanywesha wajukuu!" Kina mama wakashika vichwa, na wawili wakatoa simu kutuma kianzio.

Jamani, uchafu ule unatoka kwenye vile vyuma. Maji ya bomba yana madini, kwa hiyo yanapitisha umeme, na umeme ukipita chuma kinalika na kuwa kutu. Maji yao yameondolewa karibu madini yote, umeme haupiti vizuri, basi hakuna kinacholika. Nikachukua chumvi jikoni, nikatia kwenye glasi yao na kuwaambia warudie. Eti kidude kimepata moto, kipumzike kwanza!

Wana pia kikalamu cha kusoma namba. Kile kinapima madini yaliyoyeyuka, si vijidudu. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kinyesi cha ndege yanaweza kusoma namba ndogo kuliko bomba. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida yana ladha nzuri. Hawa wanatisha watu kwa kusoma 90 tu.

Sisemi bomba letu halina shida. Masika maji yanakuja na udongo, na homa ya matumbo tunaijua. Yaache yatuame, chuja kwa kitambaa safi, chemsha. Huku kwetu nyanda za juu maji yanatokota kwenye nyuzi kama 94, lakini vijidudu vinakufa vilevile. Yaache yatokote dakika 1 hadi 3, kisha weka kwenye chombo safi chenye mfuniko.

Anayetaka mashine anunue kwenye duka lenye mlango, adai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na aulize mapema bei ya vichujio vya kubadilisha. Aina hii ya kuondoa madini pia humwaga maji mengi wakati wa kuchuja, na bili ni yako. Hawa wanatoa karatasi ya mkono yenye namba ya simu tu. Waliokwisha kutuma hela watunze ujumbe wa muamala na waripoti polisi mapema. Nasikia sasa wameelekea Uyole.