Kupima Upya Kinyama cha Titi Baada ya Upasuaji: Huduma Inayostahili Gharama Yake

Biopsi ya saratani ya titi (kinyama kilichotolewa kwa sindano ili kipimwe) ilisema HER2, protini inayochochea saratani kukua, ni hasi. Uvimbe ulipotolewa, ripoti ikasema chanya. Mgonjwa huhisi amedanganywa, na ana haki ya kuumia. Ila mara nyingi hakuna aliyekosea: sindano huchukua vipande vyembamba tu, na uvimbe mmoja waweza kuwa na sehemu zisizofanana. Hapo ndipo maoni ya pili ya patholojia, yaani mtaalamu mwingine kukichunguza upya kinyama, yanapofaa sana.

Omba vitalu vya nta vyenyewe, ambamo kinyama huhifadhiwa, si nakala ya ripoti pekee, pamoja na slaidi (vioo vya darubini) za biopsi na za upasuaji, ili mtaalamu mmoja azilinganishe. HER2 ya 2+, alama ya katikati, bado haijaamuliwa. Lazima kipimo cha ISH, kinachohesabu jeni za HER2, kifuate, kwa kuwa jibu hilo ndilo huamua kama trastuzumab, dawa inayolenga HER2, itatumika.

Udhaifu wa huduma hii ni mmoja, tena mkubwa: haiokoi kinyama kilichoharibika mapema. Kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi kinyama, ndani ya saa 1, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikichelewa, vipokezi vya homoni (protini za seli zinazopokea homoni) huweza kufifia, jibu likawa hasi la uongo. Uliza kama saa hizo ziliandikwa. Ukisafirisha vitalu mwenyewe, viepushe na joto, nta huyeyuka.