Maonyesho ya kaunti Marekani: nguruwe au mwanakondoo?
Kama dogo wako yuko 4-H (klabu ya vijana inayofundisha mambo kama ufugaji) huko Marekani na ndo mara yake ya kwanza kuonyesha mnyama mashindanoni, mi nasema aanze na mwanakondoo, maana anafika kama kilo 60 hivi wakati nguruwe wa soko, yaani wa nyama, anagonga 120 na akiamua kwenda zake humzuii, uwanjani hafungwi kamba, unamwongoza kwa fimbo tu huku macho kwa jaji. Ila kondoo anataka mazoezi sana, unamshika kichwa kwa mikono akusukume kwa kifua ili misuli ionekane, na lazima anyolewe kabla. Nguruwe hana hayo, shida yake joto, hawezi kujipoza kwa jasho. Na jamani kondoo msimpe chakula cha nguruwe, madini ya shaba yaliyomo ni sumu kwake!