Video mbili za wimbo mmoja: Brazil au gerezani?

Mwaka 1996 Spike Lee alimwongozea Michael Jackson video mbili za "They Don't Care About Us", wimbo wa kulalamikia ubaguzi na uonevu, na ubishi wa ipi kali haujaisha.

Kwa kueleweka haraka, ya gerezani inashinda: wafungwa wanagonga meza bwaloni, halafu zinapita picha halisi za polisi wa Marekani wakimpiga Rodney King, raia Mweusi. Huhitaji kuelezwa kitu. Ila ni nzito mno, si ya kumwekea mtoto.

Utambulisho? Hapo Brazil, mimi sibishani. Ngoma za kundi la Olodum pale Pelourinho, mtaa wa kale wa jiji la Salvador, zinawaonyesha Weusi na fahari yao, si majeraha tu. Ubaya wake, ukikolea kucheza unasahau malalamiko ya wimbo.

Unafundisha kuhusu ukatili wa polisi? Weka ya gerezani. Mada ni asili na heshima? Nenda Salvador.