Kamera ya otofokasi: kabla ya kulipa, tazama lenzi iliyofungwa mbele

Kamera yangu ya zamani ilinitoa machozi. Bibi harusi anaingia ukumbini, taa zimefifishwa, nimebonyeza kitufe nusu. Lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inautafuta uso na haiupati. Muuzaji aliniapia kwamba ina mamia ya pointi za kufokasi, yaani sehemu za picha ambapo kamera inaweza kunasa ukali. Zilikuwemo kweli. Hakunitajia kwamba lenzi aliyonifungia, ukivuta karibu, inaishia f/6.3, yaani tundu dogo la mwanga: namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo.

Otofokasi, yaani kamera kujitafutia ukali wa picha yenyewe, huishi kwa mwanga unaopita kwenye lenzi. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga mara 12 hivi ya ile ya f/6.3. Canon wanaposema kamera yao ya EOS R8 inafokasi hadi EV -6.5 (EV ni kipimo cha mwanga), yaani karibu na giza totoro, kipimo hicho ni cha lenzi ya f/1.2. Megapikseli sizigusi hapa. Kila mtu anazijua.

Kwa sherehe, watoto na ndani ya nyumba, ya kwanza kwangu ni hiyo R8 pamoja na RF 50mm f/1.8 STM. Mimi ni mtu wa Canon, sifichi. Tangu EOS 70D ya mwaka 2013, teknolojia yao ya Dual Pixel hugawa kila pikseli mara mbili, na kwa kulinganisha nusu hizo kamera hujua lenzi isogee upande gani bila kubahatisha. Ikishalinasa jicho la mtu, inatembea nalo. Haina kitulizi cha mtikisiko ndani ya bodi (kamera bila lenzi), kwa hiyo usishushe sana kasi ya shata, pazia linalofunguka kupiga picha.

Ya pili ni EOS R50, bodi peke yake. Sensa yake, kile kipande kinachonasa picha, ni ndogo, hivyo ile lenzi ya 50mm inavuta picha karibu kama ya 80mm: tamu kwa sura, taabu kwenye chumba chembamba. Humo tia RF 28mm f/2.8.

Kama unafuata ndege au mpira, chukua Sony a6700. Inawatambua ndege, na lenzi za Sigma na Tamron zinakupa nafasi pana ya kuchagua. Jua likiwaka, hata f/6.3 haina neno.

Ya bei nafuu? EOS 2000D, pointi 9, kwa mandhari na vitu vilivyotulia.

Kinachoniuma ni vifurushi. Unaomba bodi na lenzi moja nzuri, unabebeshwa mkoba, tripodi na lenzi hafifu, eti vya bure, na gharama yake imo humo humo kwenye bei. Mwambie muuzaji afunge lenzi ileile utakayoondoka nayo, nendeni kwenye kona yenye giza dukani, umfokasi mtu anayetembea kukujia. Piga picha 10, zikuze kwenye skrini, uangalie macho. Akikataa kukufungulia, usimlipe.