Bangla-Pesa: nimeitumia kwa biashara, haya ndo maoni yangu

Mi nauzaga mahamri na mbaazi mtaa wa Bangladesh, huku Mikindani Mombasa, na nimeona watu wanauliza kama Bangla-Pesa, ile sarafu ya mtaa wetu tuliyolipana wenyewe kwa wenyewe, ilikuwa hela kweli au makaratasi tu. Kwangu ilikuwa hela. Naongelea ile ya karatasi ya 2013, kabla haya mambo hayajahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu.

Moja ilikuwa sawa na shilingi moja lakini hakuna pahali unaenda kuibadilisha upewe shilingi, na hapo ndo wengi walikuwa wanashtuka, sasa nyuma yake kuna nini? Kuna mahamri yangu, kuna maji ya jirani, kuna kinyozi na fundi cherehani, maana huingii mpaka wenzako wa biashara wakudhamini na wewe ukubali kuipokea. M-Pesa nyuma yake kuna shilingi zimewekwa benki, hii nyuma yake kulikuwa na sisi wenyewe.

Utamu wake uliuona katikati ya mwezi. Mahamri yamebaki, wa mkokoteni wa maji naye mitungi imejaa haina mnunuzi, kila mtu ana mali na kila mtu ana shida, kinachokosekana ni shilingi ya kuzunguka tu! Basi anakula mahamri analipa Bangla-Pesa, mi nachukua maji kwa noti hiyo hiyo, shilingi zangu chache naziweka za unga.

Unga ndo ulikuwa mtihani. Wa jumla haipokei, mwenye nyumba haipokei, karo usiseme. Ndo maana nikajiwekea mpango, nusu ya bei Bangla-Pesa, nusu shilingi, na ulinisaidia sana.

Kilichoniuma ni kwamba wiki chache tu baada ya kuzinduliwa Mei, watu sita walikamatwa wakashtakiwa mambo ya kughushi, ikahusishwa mpaka na MRC, lile kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya, mashtaka yakaja kuondolewa Agosti. Noti yenyewe haikujifanya shilingi hata siku moja jamani.

Mi naipa nyota nne. Kama mnataka kuanzisha yenu mtaani, hesabuni kwanza nani ananunua kwa nani, kwetu wa maji alikuwa anapokea kutoka kwa kila mtu, asipopata pa kuzitumia zinamrundikia, kesho anazikataa na nyinyi wote mmekwama.