Nimerudia Here Comes the Pain kwenye PlayStation 2

Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikicheza tena WWE SmackDown! Here Comes the Pain, mchezo wa mieleka uliotengenezwa na Yuke's ya Japani na kutolewa na THQ mwaka 2003 kwa ajili ya PlayStation 2 peke yake. Jaladani yupo mwanamieleka Brock Lesnar, na jina lenyewe limetokana na maneno ambayo mtangazaji Tazz alizoea kuyatamka Lesnar alipokuwa akielekea ulingoni. Hapa Lubumbashi wengi wa rika langu waliufahamu katika vyumba vya kuchezea vya mitaa yetu ya Katuba na Kenya, ambako ulilipia pambano na ukishindwa ulimwachia mwenzako maneti, yaani kile kifaa cha mkononi chenye vitufe. Safari hii nimeucheza nyumbani, bila foleni nyuma yangu, na nimeona mambo ambayo zamani haraka haikuniruhusu kuyaona.

Uzuri wake mkubwa uko katika namna unavyoushughulikia mwili wa mwanamieleka. Kwenye skrini kuna mchoro mdogo wa mtu unaoonyesha kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu, na kila sehemu hubadilika rangi kadiri inavyoumizwa, hadi kuwa nyekundu. Kwa hiyo hupigi ovyo ukisubiri nguvu za mpinzani ziishe; unachagua mahali pa kumwumiza, na uamuzi huo ndio unaoongoza pambano lote. Uzito nao unahesabiwa: mwanamieleka mwepesi hawezi kumnyanyua jitu kama Big Show, hata ungebonyeza vitufe namna gani.

Jioni moja nilimchukua Rey Mysterio, mmoja wa wale wepesi, na mdogo wangu, ambaye amekulia kwenye michezo ya siku hizi, akamchukua Big Show. Kila nilipojaribu kumbeba nilishindwa, naye akawa ananitupa toka kona hadi kona. Nikaacha kabisa kumshika kifuani, nikashughulikia mguu mmoja tu: teke, kuangusha, kukunja goti, kisha tena. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza kuutazama ule mchoro. «Yaya, angalia, mukuu yake inakuwa nyekundu!» alisema, akimaanisha mguu, na tangu hapo akaanza kunikimbia kuzunguka ulingo ili nisiufikie tena mguu ule. Hakuna aliyemfundisha, mchezo wenyewe ulimwonyesha hatari iko wapi. Mwishowe nilimkunja goti hadi Big Show akasalimu amri.

Vitufe havihitaji mafunzo marefu. Kuna aina nne za kumkamata mpinzani, ya nguvu, ya haraka, ya kukunja viungo na ile ya mtindo wa mwanamieleka mwenyewe, na kila moja ina mapigo yake. Kujinasua kumegawanywa mara mbili: L2 huzuia ngumi na mateke, R2 huzuia kukamatwa. Lazima usome nia ya mwenzako katika muda mfupi sana, na mchezaji mzuri hujulikana hapo hapo. Mwendo ni wa kasi kuliko michezo mingi mipya ya mieleka niliyowahi kuijaribu, ambayo inajitahidi kufanana na televisheni hadi mtu anachoka kusubiri mwanamieleka wake ainuke. Kwa upande huu nauona mchezo wa 2003 kuwa bora, nami nasema hivyo nikiwa nimecheza ya zamani na mipya kwa moyo mweupe.

Pambano la Elimination Chamber, lile la watu sita ndani ya kizimba, wawili wakianza na wanne wakisubiri katika vyumba vyao, bado linanifurahisha sana. Orodha ya wanamieleka nayo inagusa moyo: John Cena yupo katika enzi zake za kurap, Undertaker ni yule wa pikipiki, na Eddie Guerrero, aliyefariki mwaka 2005, yupo akiwa katika ubora wake. Nimemchagua Eddie mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Kasoro zipo. Wakati wa pambano hakuna sauti ya watangazaji, na ukimya huo unaonekana zaidi ukicheza peke yako. Hadithi ya msimu, inayokupeleka hadi WrestleMania, onyesho kubwa la mwaka la WWE, inaanza vizuri lakini matukio yake hujirudia ukiicheza tena. Mapambano ya wanawake yaliyojengwa juu ya kuvuana nguo ni aibu, na sikuwaruhusu watoto wa nyumbani kuyafungua.

Kwa atakayeutafuta hapa mjini, faida moja ni kwamba disiki haidai intaneti wala kupakua chochote, jambo kubwa kwa yeyote anayenunua megabaiti kwa fedha yake. Kabla ya kulipa, geuza disiki uangalie mikwaruzo, kisha omba iwashwe mbele yako hadi pambano lianze. Nunua na kadi ya kumbukumbu, kwa sababu bila hiyo msimu wako na wanamieleka utakaowaunda vitapotea ukizima mashine, na umeme wetu ukikatika hautakuuliza. Kwenye televisheni bapa picha huvutwa kwa upana na kupoteza ukali, basi weka kipimo cha 4:3, yaani upana nne kwa kimo tatu. Na kama nyumbani kwenu bado ipo televisheni ya zamani yenye kisogo, iunganishe hiyo.