Magnolia na krimu: nimezipaka zote mbili, hii hapa tofauti yake

Kwenye ile kadi ya rangi pale dukani hizi mbili ni Kulwa na Doto, mi nilisimama karibu nusu saa nazigeuza geuza muuzaji ananiangalia tu. Mwisho nikabeba krimu ndoo ya lita 20 ya sebuleni na magnolia galoni mbili za chumbani, zote rangi ya maji, nikajua nimemaliza.

Sasa nyumba yetu iko Bwiru, Mwanza, sebule inatazama ziwani, yani magharibi. Asubuhi krimu imetulia, safi, hata mama mkwe akasifia. Ikafika saa kumi na moja jioni jua limeinama juu ya maji linaingia lote dirishani, jamani, ukuta mzima Blue Band! Krimu ina unjano ndani yake na jua la jioni nalo la njano, vikikutana ndo hivyo. Chumbani nako kinyume, dirisha linaangaliana na jiwe kubwa la uani (watu wa Mwanza mnaelewa) mwanga wenyewe wa kuazima, magnolia ambayo ina kawekundu kwa mbali ikapooza ikawa kama mtu katoka kuugua malaria, na ile taa nyeupe ndo ikaimaliza kabisa.

Nikamwita fundi tena, nikaongeza magnolia, tukazibadilisha vyumba. Hela imenitoka, ningejua ningechukua lita moja moja nijaribishe kipande cha ukuta asubuhi na jioni. Ila sasa hivi mbingu na ardhi. Sebule jioni ina rangi ya ganda la yai la kienyeji, na chumbani nimeweka taa ya njano, krimu inakubembeleza ulale.

Magnolia ya sebuleni nilichukua silk sababu ya mikono ya watoto, na kweli inafutika, ila inang'aa na kila bonde la skimu (ile plasta laini ya juu ya ukuta) aliloacha fundi linaonekana taa ikiwaka. Krimu ya chumbani ni mati, ile isiyong'aa, imeficha yote, ukiigusa tu na mkono wa mafuta imekula kwako.

Na msipake usiku taa zinawaka madirisha wazi. Vile vidudu vya ziwani viliganda kwenye rangi mbichi upande wote wa mlangoni, namuonyesha fundi ananiambia dada hiyo mbona dizaini.